Kitegemeo cha mgongo: cha springi au cha mota?

Vitegemeo vya mgongo vya kuvaliwa, vinavyofuata mwendo wa mwili ili kuusaidia mgongo mtu anapoinama au kunyanyua, viko vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutumia mikanda ya mpira au springi, ambazo huvutika mtu anapoinama, zikahifadhi nguvu, kisha zikairudisha anapoinuka; ya pili ina vihisi vinavyopima mwinamo wa kiwiliwili na mota inayoongeza nguvu pale inapohitajika.

Kwa bei na matunzo, springi zinashinda bila ubishi, kwa kuwa hazihitaji betri wala kuchajiwa. Udhaifu wake ni kwamba humpinga mvaaji hata anapoinama kufunga kamba za viatu, isipokuwa kiwepo kitu cha kuzilegeza. Kitegemeo cha mota kinaweza kutofautisha kutembea na kunyanyua, lakini uzito wake hubebwa na mwili uleule unaosaidiwa, na betri ikiisha katikati ya kazi, msaada hugeuka mzigo.

Anayenyanyua mizigo ya uzani unaobadilikabadilika ana sababu ya kufikiria mota. Anayeinama kwa muda mrefu bila kubeba kitu kizito, kama mvunaji, huenda akatoshelezwa na springi. Mwenye maumivu tayari amwone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.