Udi wa sukari wa Darajani, wangu wa elfu kumi

Jamani mie nilikuwa sijui kama kwangu kunanuka, ukikaa humohumo pua inazoea huoni kitu, mpaka wifi yangu kaja toka Tanga, kaingia tu mlangoni, "wifi leo mmepika papa?" na papa tulipika juzi! Aibu yake siisemi. Kesho yake asubuhi nikaenda sokoni Darajani, Unguja, kwa mama mmoja anauza udi wa sukari kwenye vikopo, nikachukua wa elfu kumi.

Sasa niwaambie ukweli, huu udi mzuri. Unaweka kipande kidogo tu kama kunde kwenye chetezo (kile chombo cha kufukizia), makaa yakishashika majivu juu, sio yakiwa mekundu kabisa maana sukari inaungua unabaki na harufu ya karameli iliyoungua (yalinikuta siku ya kwanza, mume wangu kauliza keki gani hiyo). Mapazia na makochi yanashika harufu mpaka siku ya pili, sprei za dukani hazifanyi hivyo, zile dakika kumi zishapotea.

Ila kikopo hakijajaa, chini kuna kama karatasi hivi, hapo mama kanipiga kidogo. Na moshi mwingi, mwenye pumu nyumbani asijaribu.

Pia udi hauondoi papa jamani, nilifukiza kabla sijaosha friji ikawa papa wa udi. Safisha kwanza, fungua madirisha, ndio ufukize. Nyota nne, ningetoa tano isingekuwa ile karatasi.