Kliniki ya hisabati ya Jumamosi, Malindi: ubao ni mzuri, ratiba bado

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeko Malindi likizoni, na kalkulasi imemkalia kooni, ana pa kwenda Jumamosi. Idara ya hisabati ya chuo kikuu kimoja cha hapa Pwani huleta wahadhiri wawili na wanafunzi wapatao wanane wa mwaka wa tatu na wa nne, wakakaa kwenye ukumbi wa kukodi mjini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Asubuhi ni maswali, baada ya adhuhuri ni mhadhara wa wazi, na mara moja kwa mwezi kuna kazi ya vipimo ufukweni. Kiingilio ni shilingi 200. Wa sekondari hawalipi. Tathmini hii inahusu vikao vya muhula mzima, si siku moja ya bahati.

Kanuni inayoipa kliniki hii thamani ni moja, na wasaidizi wanaishika bila huruma: mwenye swali ndiye mwenye chaki. Msaidizi haandiki kitu ubaoni mpaka mwanafunzi aandike alichofanya hadi mstari uliomshinda. Mwanzoni watu huchukia. Wamekuja na picha ya swali kwenye simu, wanataka jibu waende zao. Lakini kosa la hisabati mara nyingi haliko pale mtu anaposema amekwama. Liko mistari mitatu juu, na kulipata lazima mistari hiyo ionekane.

Mfano ambao hujirudia karibu kila wiki: tafuta x zote ambazo 2/(x − 1) ni ndogo kuliko 1. Mwanafunzi anazidisha pande zote mbili kwa (x − 1), anapata 2 ndogo kuliko x − 1, anaandika x kubwa kuliko 3, anapiga mstari chini. Msaidizi mzuri hasemi "umekosea". Anasema, "Weka sifuri." Sifuri inaleta 2/(−1), yaani −2, nayo ni ndogo kuliko 1. Kumbe sifuri ni jibu halali na haimo kwenye orodha. Hapo ndipo mwanafunzi mwenyewe anarudi juu na kugundua kwamba (x − 1) inaweza kuwa hasi, na ukizidisha kwa hasi alama inageuka. Njia salama ni kuhamisha ile 1 upande wa kushoto, kupata (3 − x)/(x − 1) ndogo kuliko sifuri, kisha kupima ishara katika vipande vitatu: chini ya 1, kati ya 1 na 3, juu ya 3. Jibu kamili ni x ndogo kuliko 1, au x kubwa kuliko 3. Nusu ya jibu ilikuwa imepotea kwa mstari mmoja, na mtu aliyeipata kwa mkono wake haipotezi tena kwenye mtihani.

Kwenye matriksi, yaani majedwali ya namba ya kutatulia milinganyo mitatu kwa pamoja, kanuni yao ni nyingine: kila hatua iandikwe pembeni mwa mshale, kwa mfano "safu ya 2 toa mara tatu ya safu ya 1". Wengi hufanya hatua kichwani, wakaitumia kwenye namba za kushoto na kuisahau ile ya mwisho kulia. Mwishoni wasaidizi hudai majibu yarudishwe kwenye milinganyo yote mitatu, maana jibu baya linaweza kukubali miwili ya kwanza na kuanguka kwenye wa tatu. Ni dakika mbili tu. Katika vyuo vingi vya Kenya majaribio ya katikati ya muhula (CAT) ni alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na aliye chini ya 40 anangojwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa hiyo dakika mbili hizo si za kudharau.

Jambo ambalo halipatikani darasani kirahisi ni lugha. Mtihani uko kwa Kiingereza, lakini hapa mwanafunzi anaruhusiwa kueleza kwa Kiswahili kwanza, ndipo aandike kwa lugha ya mtihani. Faida yake inaonekana wazi kwenye uchambuzi wa namba halisi, pale penye epsiloni na delta (namba ndogo za kupimia ukaribu katika maana ya kikomo), kaburi la watu wengi wa mwaka wa pili. Mhadhiri mmoja huandika sentensi mbili ubaoni: "Kwa kila mtu kuna mama aliyemzaa" na "Kuna mama aliyemzaa kila mtu." Maneno ni yale yale, mpangilio umebadilika, na hakuna mtoto wa Malindi asiyejua kwamba ya kwanza ni kweli na ya pili ni uongo. Baada ya hapo "kwa kila epsiloni kuna delta" haihitaji tena kukaririwa: delta inachaguliwa baada ya epsiloni kutajwa, na inaruhusiwa kuitegemea. Vilevile wanasema shufwa na witiri (namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika) bila kigugumizi, maneno ambayo mswalihina wa hapa anayo tangu utotoni.

Wahadhiri wenyewe hawakai mbele. Mmoja huzunguka na kusikiliza mgongoni mwa vikundi, na huingilia pale tu msaidizi anapothibitisha kitu kisicho sahihi. Huo ndio ualimu tunaoutaka, na unawanufaisha wasaidizi pengine kuliko wanaosaidiwa: huwezi kumweleza mtu kwa nini 0/0 si sifuri kama wewe mwenyewe uliipita kwa kukariri.

Sasa kasoro. Ubao ni mmoja na mbao ndogo za kushika mkononi ni tatu, kwa watu ambao Jumamosi ya kabla ya mitihani hufurika hadi barazani. Foleni inafuata aliyewahi, haifuati mada. Matokeo yake ni kwamba watu sita wenye swali lile lile la kikomo wanahudumiwa mmoja mmoja, huku mwenye swali la peke yake akisubiri mpaka saa sita. Karatasi ya mlangoni yenye safu nne tu (kalkulasi, aljebra, takwimu, uthibitisho) ingemaliza tatizo.

La pili ni saa. Hapa mtu akisema anaenda chuoni Jumamosi asubuhi, mara nyingi ana maana ya madrasa, si chuo kikuu. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanaotoka madrasa hufika karibu na adhuhuri, wakati wasaidizi wamechoka na swala inakaribia, wakabakiwa na makombo. Ratiba ya wa sekondari ingeanza saa nane mchana, wangepata haki yao.

La tatu linauma zaidi: karatasi ya majibu hutolewa pamoja na ya maswali. Kazi yote ya asubuhi ya kumzoeza mtu kuandika mistari yake inafutwa na karatasi inayomwonyesha mistari ya mwingine. Majibu yatolewe Jumamosi inayofuata.

Kazi ya ufukweni ndiyo sehemu ya kupigiwa mfano, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Lengo ni kupima maji yanavyojaa na kupwa, kisha kuyatafutia wimbi la kosini. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana mvuvi anajua kwamba kesho maji yatachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua sana, kwa hiyo siku ya kupima ichaguliwe kwa mwezi, si kwa nafasi ya ukumbi.

Vifaa ni rahisi: bomba la plastiki la inchi 4 lililofungwa wima kwenye nguzo, lenye matundu machache ya milimita 5 karibu na chini, na ndani yake boya jepesi lenye kijiti kilichotiwa alama za sentimita. Bomba linatuliza mawimbi. Matundu yakiwa makubwa mno mawimbi yanaingia na kijiti kinacheza. Yakiwa madogo mno maji ya ndani yanachelewa nyuma ya maji ya nje, na mchanga unaziba. Nguzo iwe mahali ambapo hata maji yakipwa kabisa pana maji, la sivyo grafu inakatika chini na saa mbili za vipimo zinapotea.

Soma kila nusu saa kwa saa 12 na nusu, upate vipimo 26. Hapo ndipo somo la matriksi linapopata mwili: jedwali la safu 26 za mlalo na nguzo tatu za wima (moja ya namba 1, moja ya kosini, moja ya saini, yaani sine), na visivyojulikana vitatu vinavyotafutwa kwa njia ya jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa. Kikundi kinachochoka mapema na kupima saa mbili tu, moja kabla ya maji kujaa pomoni na moja baada, hakipati kitu. Katika saa hiyo moja maji ya bamvua husogea kama sentimita 20 tu, na mkono unaotetemeka unaweza kukosea karibu kiasi hicho. Tena karibu na kilele kosini haiondoki mbali na 1, hivyo ile nguzo ya namba 1 na ile ya kosini zinafanana kama mapacha, na hesabu haiwezi kuzitenganisha.

Kosa jingine ni la kwetu hasa. Mmoja anaandika daftarini "saa 3", mwingine anaandika "9:00", na baadaye wa tatu anaingiza zote kwenye kompyuta kama zilivyo. Nusu ya vipimo inahama kwa saa sita. Sasa saa sita ni karibu sawa na nusu ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo maji yaliyojaa yanatokea mahali pa maji yaliyopwa, na grafu inapinduka miguu juu. Ukiona grafu ya aina hiyo usilaumu fomula. Rudi kwenye daftari, na siku nyingine kiongozi wa kikundi atangaze aina moja ya saa kabla ya kipimo cha kwanza.

Mihadhara ya mchana inatofautiana ubora. Ule wa Ngomeni ni mzuri mno: jukwaa la San Marco, baharini kaskazini mwa mji huu, ndipo Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mhadhiri anawapa wasikilizaji mzingo wa dunia kwenye ikweta, kilomita 40,075, watafute kasi ya ardhi inayozunguka. Anayegawanya kwa saa 24 anapata mita 464 kwa sekunde. Anayetumia mzunguko halisi wa dunia, saa 23 dakika 56 na sekunde 4, anapata 465. Tofauti ni ndogo, lakini mjadala wa kwa nini zipo siku mbili za urefu tofauti uliwaweka watu vitini. Kisha wanazidisha kwa kosini ya latitudo, karibu digrii 3, na kuona roketi inavyopewa karibu kasi yote hiyo bure inaporushwa kuelekea mashariki.

Ule wa namba tasa nao unafaa kwa wa sekondari: n² + n + 41 inatoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39, mara arobaini mfululizo, halafu kwa 40 inatoa 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Baada ya hapo hakuna anayeuliza uthibitisho ni wa nini. Mihadhara mingine hupitisha dakika 45 zilizopangwa hadi saa nzima na robo, na feni mbili za ukumbi haziwezi joto la kaskazi.

Somo la kuchapa mradi wa mwaka wa nne kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi yenye hisabati, ni fupi na la maana. Programu ni ya bure, ila kuishusha yote kunakula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo njoo na flashi unakilie pale. Ukiona alama za kuuliza mbili mahali pa namba ya mlinganyo, chapa faili mara ya pili. Ya kwanza huandika orodha, ya pili huisoma. Alama ya dola iliyofunguliwa bila kufungwa ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayobaki.

Anayetaka kufanyiwa kazi ya nyumbani asisumbuke na nauli ya tuktuk. Wengine wafike kabla ya saa mbili na nusu, wachukue namba, na waje na penseli, kifutio, karatasi zisizo na mistari, na swali lililonakiliwa kwa mkono pamoja na kila hatua iliyojaribiwa, hata zile zilizokatwa. Zilizokatwa zisifutwe, maana msaidizi huanza kuzisoma hizo.