Fildi ya kunadi mahindi na ethanoli Iowa: nyota tatu na nusu

Ukisoma tangazo la fildi hii utadhani unakwenda kutengeneza mafuta. Nasoma kilimo hapa Ames, jimbo la Iowa, Marekani, na kiangazi kilichopita nilifanya fildi ya wiki 12 kwenye chama kimoja cha wakulima wa mahindi na wenye viwanda vya ethanoli, yaani pombe ya mahindi inayochanganywa na petroli. Jina silitaji, maana bado nahitaji barua yao ya kunipendekeza. Kiwandani niliingia siku moja tu. Siku zilizobaki nilishinda sheli, sokoni na kwenye maonyesho, kazi ni kuongea na watu.

Sheli ndiko kwenye kazi hasa. Bei ya E15 au E85, petroli zenye ethanoli ndani, inashushwa kwa saa mbili, redio inatangaza, foleni inafika barabarani. Sisi wa fildi, na fulana zetu za kijani, tunafuta vioo na kumweleza dereva anachonunua: E15 ina asilimia 15 ya ethanoli na inafaa gari la mwaka 2001 kuja juu, E85 ina ethanoli nyingi zaidi na ni ya magari yaliyoundwa kwa ajili yake, mengi yana mfuniko wa njano kwenye tenki. Wiki ya pili akaja mzee na dumu la mashine ya kukata nyasi. Nikampeleka moja kwa moja kwenye E15, natabasamu kama nilivyofundishwa. Dereva aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyepiga kelele. E15 hairuhusiwi kwenye mashine za nyasi, pikipiki wala boti, na kwenye mafunzo yetu ya siku mbili jambo hilo lilipita kwenye slaidi moja, saa ya kusinzia baada ya chakula.

Hapo nawakata nyota nzima. Wanakufundisha kusifu, kujibu hawakufundishi. Ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi ukilinganisha na petroli, kwa hiyo gari la E85 linakunywa zaidi. Karatasi yetu ya majibu haikuwa na neno hilo hata moja. Madereva wanalijua! Mwenye pikapu mmoja alinitolea kidaftari chenye hesabu zake za kila tenki, kimelowa mafuta pembeni. Nikamwambia ukweli, kwamba bei isiposhuka vya kutosha hapati kitu. Akajaza hivyo hivyo. Mkwewe analima mahindi.

Nusu nyota nyingine ni ya petroli yangu. Vituo vingine vilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari langu mwenyewe, na chama kinachonadi mafuta kilinirudishia hela za mafuta mwezi Septemba, fildi imeshakwisha.

Ile siku moja ya kiwandani, lakini, nisingeibadilisha na kitu. Ukishuka tu kwenye gari harufu inakupokea: komoni, ile pombe ya mahindi ya kwetu. Nilijiona niko Makambako, nyuma ya kilabu. Mahindi yanasagwa, yanakorogwa na maji ya moto na vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, yanatiwa hamira, yanaachwa yachachuke siku mbili tatu, kisha yanakenekwa. Mwisho wanachanganya petroli kidogo, kama asilimia 2, ili mtu asije akainywa. Yaani ni gongo, ila mapipa yake ni marefu kuliko ghorofa. Busheli, kipimo chao cha mahindi, ni kilo 25, zaidi ya debe moja, na inatoa lita 10 na nusu hivi pamoja na kilo 7 za machicha makavu ya kulisha mifugo.

Usiku nikampigia baba. Nilipomwambia shamba zuri hapa linatoa busheli 200 kwa ekari, tukapiga hesabu pamoja ikafika gunia 50 za kilo mia. Akauliza kama ni gunia au debe. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na lumbesa je, wanafunga?"

Swali gumu kuliko yote nililipata kwa Kiswahili. Soko la wakulima la Jumamosi, katikati ya Des Moines, mama mmoja Mkongo alisimama mbele ya meza yetu. Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea, akacheka, kisha akashika chupa ya mahindi ya maonyesho. "Kumbe muko nachoma bunga mu motokari?" Bunga ni unga. Nikaanza wimbo wangu: haya ni mahindi ya njano, hapa mengi ni ya mifugo na viwanda, machicha yanarudi kwa ng'ombe. Alinisikiliza hadi mwisho, mtoto wa watu. Halafu akaniambia mahali alipotoka, mahindi ya njano watu walikula na kushukuru. Sikuwa na jibu, na karatasi haikuwa nalo. Nikampa kofia.

Agosti ni Iowa State Fair, siku 11, zidisha Nane Nane ya Mbeya mara kadhaa. Kuna ng'ombe aliyechongwa kwa siagi, anakaa ndani ya friji. Mimi nilikuwa ndani ya vazi la umbo la mmea wa mahindi, juani, zamu za dakika 20, watoto wananivuta majani. Hilo halikuwemo kwenye tangazo. Kicheko nilichocheka kinatosha, sikati nyota.

Anayetaka uhandisi wa kiwanda asipoteze kiangazi chake hapa. Anayetaka ugani, au anayeogopa kusimama mbele za watu kama nilivyokuwa naogopa, aombe. Wa viza ya mwanafunzi ya F-1, idhini ya CPT, ile ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo, iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Leseni na gari ni lazima. Na nunua viatu vya kufunika vidole: mwenzangu alikuja na sandali siku ya kiwandani, akabaki kwenye gari kwa muda wa saa tatu.