Jozi ya Mawe ya Kusagia Wimbi: Tathmini Baada ya Miezi Minne

Jozi hii niliinunua kwa mchongaji mmoja viungani mwa mji wa Nakuru kwa shilingi 3,500, na kwa muda wa miezi minne nimeitumia kusaga wimbi na mtama wa uji. Jiwe la chini lina urefu wa karibu nusu mita na uzito wa kilo 16 hivi; la juu ni la kilo mbili, nalo hushikwa kwa mikono miwili likasukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Yote mawili ni ya basalti, yaani lile jiwe jeusi la volkano lenye matundu madogo madogo, na ubora wa bidhaa hii umo humo. Uso wa jiwe unapolika, matundu mengine hufunguka na kingo zake huendelea kuzikata punje, ilhali jiwe lisilo na matundu hulainika upesi, punje zikawa zinateleza tu juu yake mpaka mtu aligongegonge uso upya kwa jiwe gumu zaidi.

Kasoro kubwa ni umbo. Mchongaji amelichimba jiwe la chini likabonyea katikati kama karai kwa sababu, kama alivyonieleza, wateja wake wanataka mawe yafanane na ya kale. Sikubaliani naye. Mbonyeo tunaouona katika mawe mengi ya kale ya kusagia umetokana na kutumika: mikono imepita hapo miaka na miaka, pengine ya mama na ya binti yake baada yake. Anayenunua jiwe lililokwisha kubonyezwa amenunua uzee ambao hakuufanyia kazi, na tena hausagi vizuri, maana jiwe la juu likiwa bado bapa hugusa kingo tu, punje zikabaki nzima katikati. Ilinichukua miezi miwili hadi mawe hayo yakazoeana.

Mawe ya kale yenyewe yana mengi ya kumfunza mchongaji. Katika pango la Mto Njoro, si mbali na Nakuru, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimbua mwaka 1938 mabaki ya watu wapatao 80 ambao maiti zao zilichomwa moto takriban miaka 3,000 iliyopita, wakiwa wamewekewa mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia. Mawe ya namna hiyo hayakusaga nafaka peke yake, kwani yalisaga pia udongo mwekundu wa kujipaka. Kwa upande wa nafaka, pango la Ngalue nchini Msumbiji, karibu na Ziwa Niasa, lilitoa zana za mawe zilizokutwa na chembe za wanga wa mtama, na umri wake unazidi miaka 100,000. Matokeo hayo yalichapishwa na mwanaakiolojia Julio Mercader mwaka 2009.

Turudi jikoni. Mawe mapya hutoa chembe za mawe, na ulimi huzitambua kabla ya macho. Nilisaga konzi tatu za mtama uliolowekwa, nikazimwaga zote kwa kuku, ndipo uji wa nne ukanyweka. Wimbi lililokaangwa kidogo husagika vizuri sana: kilo moja huchukua kama dakika 40, na unga wake una harufu ambayo sijaipata katika unga wa mashine. Mahindi makavu msijaribu; hurukaruka hadi chini ya meza, na yanayobaki huishia kuwa chenga.

Jambo jingine ni magoti. Huko Abu Hureyra, nchini Syria, mifupa ya wanawake wa kale ilikutwa na dalili za kuchakaa kwenye magoti, vidole vya miguu na sehemu ya chini ya mgongo, na watafiti wakahusisha hali hiyo na saa nyingi za kupiga magoti mbele ya jiwe. Mimi baada ya juma moja tu nililiweka jiwe juu ya benchi fupi, nikalitandikia gunia lisiteleze, nikawa nasaga nimesimama.

Nimemwagiza mchongaji yuleyule jiwe jingine la chini, la basalti ileile, lakini bapa na lisilochimbwa hata kidogo. Amenipunguzia shilingi 500, kwa kuwa kazi ya patasi imepungua.