Prado ya 1997 kwa safari za kuwinda Karamoja: uzoefu wangu

Gari la kwanza nililolipeleka Pian Upe, eneo la wanyamapori huko Karamoja, Uganda, lilipendeza macho: viti safi, rangi inang'aa, na nyuma limeandikwa fowili, yaani huvuta kwa magurudumu yote manne. Nililichukua kwa sababu lilikuwa jipya kuliko mengine ya bei ile. Mwisho wa Machi mvua ikawahi, likazama kwenye udongo mweusi upande wa Mlima Kadam, tukiwa na kongoni aliyekwisha kuchunwa. Halikuwa na gia nzito, ile ya L inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Tairi zilijaa tope zikawa laini, klachi ikaanza kunuka, tukalala hapo hapo. Kulipokucha nyama ilikuwa imeharibika, na tulikuwa tumewaahidi watu wa kijiji jirani. Niliona aibu kupita kwao mikono mitupu.

Mimi ni dereva, nawabeba wawindaji wenye leseni. Anayetafuta gari la kazi hii aanze na mzigo, bei baadaye. Ndani tunakaa watano: mimi, mgeni, mwindaji anayemwongoza, mtu wa kufuata nyayo, na askari wa wanyamapori, ambaye lazima awepo. Hapo umefika karibu kilo 400. Ongeza maji lita 100, majerikeni mawili ya petroli, hema, jeki, majembe. Halafu kongoni dume, ambaye peke yake huweza kuzidi kilo 140. Pofu ndiyo usiseme, huyo hukatwa vipande na kurudiwa. Gari lililojengwa kwa ajili ya lami, hata likivuta kwa magurudumu yote manne, springi zake hulala chini kabla hujatoka kambini.

Kwa hiyo safari ya pili nilitaka vitu vitatu tu: chesisi ya ngazi (fremu imara ya chuma chini ya bodi), gia nzito, na injini ambayo fundi wa Mbale anaijua. Nilikuwa na shilingi milioni 20. Kuagiza Japani haikuwezekana, maana tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15, na magari niliyoyataka yote ni ya zamani kuliko hapo. Ilibidi nitafute yaliyomo nchini.

Nilikwenda na Hajji, fundi wangu wa miaka mingi. Ya kwanza tuliyoiona ilikuwa Prado ya dizeli ya turbo, lita 3. Niliipenda, kwa kuwa dizeli hula kidogo. Hajji akamuuliza muuzaji kama imewahi kuchemka. Yule akacheka, akasema yeye hajui, ameipokea kwa mtu. "Mwanangu, tuondoke," Hajji akaniambia. Injini ile ikichemka sana, silinda hedi, kile kichwa cha injini, hupata ufa, na kuitengeneza kunaweza kula robo ya bei ya gari.

Ya pili ndiyo ninayoendesha mpaka leo: Prado ya 1997, petroli, lita 2.7, gia za mkono. Taimingi yake, inayoendesha vali za injini, ni mnyororo, si belti ya kukatika porini. Hajji alisema, "Usilitazame usoni, litazame uvunguni," akaingia chini na tochi. Alipapasa chesisi nyuma ya tairi za nyuma akitafuta kutu na alama za kuchomelea. Kisha tukaiwasha ikiwa baridi, tukafungua rejeta kuangalia kama maji yana mafuta. Muuzaji alituruhusu kuitoa hadi barabara ya changarawe, na hapo ndipo nilipoamua. Niliweka HL, ile ya mwendo wa kawaida, difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma ijifunge, taa ikawaka. Nikaweka LL, yaani gia nzito difu ikiwa imefungwa, nikapanda kilima cha mawe bila kugusa klachi, gari likitembea polepole kama ng'ombe wa kulima. Muuzaji akikukatalia jaribio hili, funga mkoba wako. Nilimlipa milioni 18 na nusu baada ya kuhakikisha logibuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina lake mwenyewe.

Zile milioni 1 na nusu zilizobaki zilikwisha wiki ileile: tairi mbili za matope, boljointi za chini za magurudumu ya mbele zilizokuwa zimelegea kwa umri, hozi zote za maji, na kamba ya kuvutia. Vipuri nilivipata Kisekka, soko la vipuri Kampala, kwa siku moja.

Ikiwa imejaa na iko kwenye gia nzito hunywa petroli hasa. Mimi huhesabu kilomita 5 kwa lita, na sitoki Mbale bila jerikeni la akiba. Kwenye tope nashusha upepo wa tairi hadi psi 20, halafu napampu nikifika changarawe.

Mwaka huu mvua ilitukuta tena, karibu na pale pale. Tulikuwa na kongoni nyuma, askari akashuka kupima tope kwa fimbo, likafika magotini. Niliweka LL, gia ya pili, sikuachia mafuta wala kuongeza. Magharibi tulikuwa kijijini, na akina mama walikuwa wameshawasha moto.