Klia ya 2K na hadina ya haraka kwa baridi ya Mbeya: nyota nne

Klia ni rangi ang'avu ya mwisho juu ya rangi ya gari, na ya 2K ni ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza. Seti ni klia lita 1 na hadina nusu lita, yaani mbili kwa moja, halafu unaongeza thina ya kuilainisha kama asilimia 10. Inatosha boneti, fenda mbili na bampa kwa koti (tabaka) mbili. Gari dogo zima litataka seti mbili.

Mng'ao ni mzuri, haina ubishi. Cha kuangalia ni hadina. Zipo za haraka, za kawaida na za polepole, na ya polepole ni ya joto la Dar es Salaam. Ukiipiga Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, utakuta vumbi limelala juu ya klia ambayo bado inanata. 2K haikaushwi na upepo: thina ikisharuka, klia na hadina hushikana kikemia, na kazi hiyo inataka joto. Muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida ni wa nyuzi 20. Joto likipungua nyuzi 10, hesabu karibu mara mbili. Chini ya nyuzi 10, klia inakaa tu bila kukauka. Kwa hiyo chukua ya haraka, anza saa nne asubuhi bati likishapata jua, na saa nane uwe umemaliza.

Wapo mafundi wanaozidisha hadina ili iwahi. Hapana. Ile ya ziada inakosa klia ya kushikana nayo. Klia inabaki laini kwa muda, baadaye inakakamaa na kupasuka.

Kosa lingine ni haraka kati ya koti na koti. Subiri dakika 15, siku ya baridi 20, kisha gusa karatasi uliyozibia kioo: ikinata bila kuvuta uzi, piga ya pili. Ukiwahi, juu panafunga thina ikiwa bado chini, na kesho yake unaona vitundu kama vya sindano. Hivyo haviondoki kwa polishi. Ni msasa na kupiga upya.

Gari lilale ndani. Umande ukiikuta klia mbichi, inafifia. Jiko la mkaa chumbani usithubutu, mvuke wa thina unashika moto. Mwenye oveni anamaliza kwa dakika 30, bati lenyewe likiwa nyuzi 60.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya hadina ya kupimiwa kwenye chupa za maji. Hadina hushikana na unyevu wa hewani. Ikiwa na ukungu au mabonge, usiinunue. Na vaa barakoa yenye kopo la mkaa wa kuchuja hewa, maana kitambaa hakizuii sumu ya hadina, inayoharibu mapafu.

Mteja aoshe kwa maji matupu baada ya wiki. Waksi asubiri miezi miwili. Kabla ya hapo akandamize ukucha mahali pa kificho, na ukiacha alama, aongeze muda.