PARO, roboti ya kutuliza wazee wenye demenshia: inafaa, ila isiachwe peke yake na mzee

PARO ina umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini: manyoya meupe, urefu wa sentimita 57 hivi na uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Iliundwa na Takanori Shibata wa AIST, taasisi ya utafiti wa teknolojia ya Japani. Ilianza kuuzwa mwaka 2005, na mwaka 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaiweka katika daraja la pili la vifaa tiba, yaani vya hatari ya wastani. Basi na ipimwe kama kifaa tiba: je, inamtuliza mtu mwenye demenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anapofadhaika?

Chini ya manyoya mna vihisi vya mguso, mwanga, sauti, joto na mkao. Ukiipapasa hugeuza kichwa, hupepesa macho na kulia. Kazi ya akili mnemba hapa ni kujifunza: tendo lililofuatwa na kupapaswa hulirudia, lililofuatwa na kipigo hulipunguza, na jina inaloitwa mara kwa mara huanza kuliitikia. Haisemi neno, na hilo ni jema sana, kwa sababu mzee aliyepotewa na maneno haulizwi swali lolote la kumshinda. Hata kuchagua sili kulikuwa na hekima. Paka kila mtu anamjua, kwa hiyo paka wa bandia hukosolewa upesi. Sili ni wachache waliowahi kumshika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 huko Queensland, Australia, ulihusisha wazee 415 katika makao 28: dakika 15, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10. Wengine walipewa PARO inayofanya kazi, wengine PARO iliyozimwa, wengine huduma ya kawaida tu. Iliyowashwa ilitazamwa na kusemeshwa zaidi kuliko iliyozimwa. Katika vikao vilivyorekodiwa kwa video, fadhaa ilipungua ikilinganishwa na huduma ya kawaida, lakini CMAI-SF, dodoso la kupima fadhaa, halikuonyesha tofauti. Kwa kifaa cha maelfu ya dola, matokeo hayo yanastahili kufikiriwa kabla ya kulipa.

Fadhaa ikizuka ghafla, kwanza tafuta maumivu, choo kigumu au maambukizi ya njia ya mkojo. Roboti haitibu hayo, na mzee akitulia kidogo ugonjwa unaweza kufichika.

Kikao kipangwe kabla ya saa ambayo fadhaa huanza kwa mzee huyo. Kwa wengi ni alasiri kuelekea jioni. Zima televisheni, la sivyo roboti itageukia kila sauti. Iwashe ukiwa mbali naye, kisha keti usawa wa macho yake na uiweke mezani au juu ya mto mapajani, maana uzito ule huumiza miguu iliyodhoofu. Msubiri ainyoshee mkono mwenyewe. Akisukuma au akikunja uso, iondoe bila kubembeleza: wapo wanaoogopa wanyama, na wapo wanaohisi wanafanywa watoto. Akiuliza kama iko hai, mwambie kweli kwamba ni mashine.

Matatizo mengi huja baadaye. Mzee huilisha uji, nao ukaganda kwenye manyoya. Mwingine hukataa kuiachia. Usimpokonye, mwambie inahitaji kuchajiwa na mpe kitu kingine cha kushika. Chaja yenyewe ina umbo la chuchu bandia ya kunyonywa na mtoto na huingia mdomoni mwa sili, kwa hiyo mzee anaweza hata kusaidia kuichomeka. Usiitumbukize majini kamwe. Ifutwe kwa dawa iliyoidhinishwa na mtengenezaji kila inapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, mikono ioshwe kabla na baada, na mwenye kidonda kilicho wazi asiishike.

Kosa baya kuliko yote ni mhudumu kuiacha mapajani mwa mzee akaenda zake. Mazungumzo huzaliwa pale mtu wa pili anapouliza, "Anapenda kukunwa wapi?"

Makao yenye wazee wengi na mhudumu aliyefundishwa yanaweza kuinunua. Familia yenye mgonjwa mmoja ianze na mwanasesere laini mwenye uzito kidogo kwa wiki kadhaa, ikiandika saa za fadhaa kabla na baada. Mzee asipomjali mwanasesere lakini akavutiwa na kinachosogea na kulia, hapo omba kuijaribu PARO kabla ya kununua.